Paa la Mawe Yasiyolingana

Nimestaafu wiki ya tatu sasa na bado sijajua kukaa. Asubuhi naamka saa ile ile, navaa viatu vya kazini vyenye soli nene, nashuka ngazi mpaka kituo cha metro cha Sanyuanli hapa Guangzhou, ndipo nakumbuka kwamba sina ninakokwenda. Juzi nilipanda treni hivyo hivyo, nikashuka Shahe kwenye soko la nguo, nikajikuta nimesimama kwenye duka la watu nikivuta mishono ya suruali za jinzi kuona kama inafumuka. Mwenye duka akaniuliza nataka dazeni ngapi. Nikamwambia sitaki hata moja, akanitolea maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nyinyi wa ofisini mkaniambia, "Bi Salma, kaa chini basi utuandikie. Tuachie kitu." Najua mlitaka nipunguze kuja kuwasimamia mgongoni. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara wangu hauwahusu. Nitaandika jinsi kazi ya ukaguzi ilivyoniingia mwilini, na kisa kimoja cha kanisa la mashambani huko Uskoti. Kisa hicho mnakijua nusu, na nusu mnayoijua si ya kweli.

Nilikuja Guangzhou kutoka Tanga nikiwa mnunuzi wa nguo na viatu. Zhanqian Road, mtaa wa maduka ya jumla, niliijua kabla sijajua kuomba maji kwa Kichina. Mzigo wangu wa tatu ulikuwa viatu vya shule, na ulipofunguliwa nyumbani kila kiatu kilikuwa cha kushoto. Nilirudi kugombana. Wakala mmoja mwenye ofisi ya mizigo hapa Sanyuanli alinisikia nikifoka kwenye korido, akasema mtu mwenye hasira kama hizi juu ya viatu anafaa kukagua bidhaa za wengine. Ndivyo nilivyoajiriwa, kwa kufoka.

Akanikabidhi kwa Shifu Liang. Shifu ni jina la heshima ambalo Wachina humwita fundi mkuu, mtu anayekufundisha kazi kwa mkono. Liang alikuwa mwembamba, mkimya, na kabla ya kuja kwetu alikagua vyombo vya udongo kiwandani kwa miaka mingi. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya makasha ya sahani za hoteli moja ya Dar es Salaam. Nikazitazama moja moja, nikasema zote nzuri. Alichukua kipande cha kioo, akakilaza mezani, akageuza sahani kifudifudi juu yake na kuigusa ukingoni kwa kidole. Ikacheza. Ya pili ikatulia. Ya tatu ikacheza.

"Xiao Sa," aliniambia, yaani Salma mdogo, ingawa nilikuwa na kilo zangu. "Usitazame sahani. Tazama sahani na mwenzake."

Elimu yenyewe ilikuwa hiyo, mengine ni nyongeza. Toa vitu vitatu kutoka makasha matatu tofauti, viweke pamoja, tafuta tofauti. Tochi imulike kutoka ubavuni, si mbele, ndipo mawimbi yanaonekana. Kigae kigonge kwa kifundo cha kidole usikilize: kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Chaki ya manjano ni ya kile kinachorudishwa. Na lipo neno bu xing, haifai, ambalo lazima ulitamke bila kutabasamu, maana ukitabasamu laoban, bosi wa kiwanda, anajua hapo pana mlango wa kujadiliana.

Neno hilo nililipenda kupita kiasi. Nimelisema mbele ya vigae vya msikiti mmoja wa nyumbani, vya buluu mbili ambazo mchana zinafanana na jioni zinagombana. Nimelisema mbele ya madawati ya shule yenye miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi. Madereva wa stoo wakaniita Mama Bu Xing, nami nikajifanya sipendi. Shifu Liang alipostaafu akaenda kucheza karata bustanini na kulea mjukuu, nikarithi kioo chake. Nilijiona nimekamilika. Ukweli ni kwamba nilikuwa mjuaji, na mjuaji ni mtu hatari kumtuma dukani.

Ndipo akaja Mchungaji Gitonga. Kwa muda mrefu sikumjua uso, nilimjua kwa sauti za simu. Alikuwa Mkenya wa Meru aliyepelekwa na kanisa lake kuhudumia parokia ya mashambani Uskoti. Binamu yake, mfanyabiashara wa hapa kwetu, ndiye aliyempa namba yangu.

"Dada Salma, habari ya huko? Sasa, mimi niko na kanisa hapa, ni ndogo lakini ni mzee sana," alisema kwenye ujumbe wa kwanza. "Upepo umekuja ukabeba paa upande mmoja. Tunataka mawe ya sleti. Huku machimbo yao yalifungwa kitambo. Ile ya Uhispania iko, lakini rangi si yenyewe. Nimeambiwa China iko nyeusi ya kuelekea buluu, kama hii yetu. Utatusaidia kweli?"

Waliosoma zamani wanaikumbuka sleti, kibao cheusi cha kuandikia kwa chaki. Ni jiwe linalochanika kwa tabaka kama chapati iliyokandwa vizuri. Wenzetu hulichana jembamba, wakaezekea nyumba.

Mchungaji hakunificha hali. Waumini waliobaki walikuwa kumi na mmoja. Wakuu wa kanisa lao walikuwa na orodha ya majengo ya kufungwa, na hilo lilikuwamo. Walichowaahidi ni hiki: mkaguzi atapita kabla ya majira ya baridi. Akikuta paa limefunikwa lote, kanisa linabaki. Akikuta liko wazi, ufunguo unarudishwa na jengo linauzwa. Huko, alisema, makanisa hununuliwa na kugeuzwa nyumba za kukaa, "mtu anapika chapo pale mimbari ilikuwa."

Akanitumia pia picha za kurasa zilizoandikwa kwa mkono. Mwandishi alikuwa Bi Elspeth, bibi wa miaka themanini na kitu, karani wa baraza la wazee, ambaye alikuwa ameandika historia yote ya kanisa lile kwa sababu, alivyosema mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza, hakuna mwingine aliyejitolea. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na sikuwahi kudhani ningejali kanisa la watu nisiowajua. Lakini kurasa zile nilizisoma kwenye metro mpaka nikapitiliza vituo.

Halina mnara wala msalaba juu. Ni jengo refu jembamba kama stoo ya korosho, limelala mashariki kwa magharibi, kuta zake za mawe zimepigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na kokoto ili mvua isipenye. Kwenye ncha ya ukuta wa magharibi kuna kijumba cha nguzo nne, ndani yake kengele, na kamba ya kengele inaning'inia nje; imesugua jiwe mpaka ikachimba mfereji. Ukuta wa kaskazini ndio mkongwe kuliko zote. Una mlango wa upinde uliozibwa, uliobaki kutoka kanisa lililokuwapo kabla watu wale hawajaachana na Papa wa Roma. Walipoachana naye waliondoa madhabahu, wakaweka mimbari katikati ya ukuta mrefu wa kusini, dirisha refu huku na dirisha refu huku, ili mhubiri aone maandishi yake na kila mtu amwone mhubiri. Hilo nililielewa bila kuelezwa.

Baadaye mwenye ardhi wa pale akaona haifai kukaa benchi moja na wapangaji wake. Akajenga bawa upande wa kaskazini, jengo likapata umbo la herufi T, yeye na familia yake wakakaa roshani, na ngazi yao ya nje, na nyuma chumba kidogo chenye meko. Mahubiri ya siku hizo yalikuwa marefu, ameandika Bi Elspeth, na wakulima waliokuwa wakitetemeka chini waliweza kunusa moto wa bwana mkubwa. Pembeni mwa mlango kuna kola ya chuma kwenye mnyororo, ambamo mzinzi au msengenyaji alifungwa shingo Jumapili ili wote wanaoingia wamtazame. Nikafikiria ofisi yetu nikaona tungehitaji kola nyingi. Kwenye uga wa makaburi kuna kibanda cha mawe cha walinzi, maana zamani maiti ziliibwa zikauzwa kwa madaktari wa mjini.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa paa. Huo niliupitishia macho tu. Habari za paa, nilijiambia, nitazipata kwenye karatasi ya oda.

Karatasi ya oda ilikuwa imeandikwa na fundi wa paa, Duncan, mtu wa mji wa mbali na pale. Ilinishangaza. Urefu wa vigae ulikuwa wa aina kumi na nne. Upana, aliandika, uwe wowote. Unene wa aina tatu. Tundu la msumari moja tu, kichwani. Sasa nawaomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa upendo. Nilisoma karatasi ile nikaona watu wanyonge. Nikaona kumi na mmoja wanaotetemeka, ambao hawathubutu kuomba mzigo uliochaguliwa, wanasema tupeni chochote, kikubwa kidogo, kinene chembamba, sisi tutashukuru. Machozi yalinilengalenga. Nikaapa kwamba wao, kwa mara moja, watapata kitu kilicholingana.

Nilikwenda machimboni mkoa wa jirani, kwa treni ya kasi kisha gari la kukodi mpaka milimani. Bosi wa pale, Laoban Fang, alikuwa mtu mfupi mwenye vidole vinene vilivyopasuka. Alikuwa ameshaandaa rundo la mwanzo. Nikachukua vigae vitatu, nikaviweka pamoja. Hakuna kilichofanana na mwenzake. Nikavisukuma pembeni.

"Bu xing," nikasema.

Fang akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Lakini hapa wameandika hivi."

"Wameandika hivyo kwa unyonge. Kata vyote kipimo kimoja. Na matundu mawili kila kimoja, kishike vizuri."

"Vikubwa hivi nivikate?"

"Vikate."

Alinitazama kidogo, akatazama rundo lake. "Mteja ni wewe," akasema, akaita mtu wa mashine.

Nilikaa pale mpaka mwisho. Kila kigae kilinyooka kingo kama daftari jipya. Nilivilaza juu ya kioo, hakuna kilichocheza. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kuridhika vile. Nikapiga picha, nikamtumia Mchungaji, nikaongeza na ua.

Kesho yake simu ikalia, ya video. Upande mmoja Mchungaji, ndiyo kwanza namwona, mwembamba na miwani, amevaa koti ndani ya nyumba. Kando yake mtu mwenye uso mwekundu na ndevu: Duncan.

"Mama Salma," Mchungaji alianza, na nikajua kuna jambo, maana siku zote aliniita dada. "Duncan anauliza zile kubwa ziko wapi."

"Kubwa zipi?"

"Za chini."

Duncan akasema maneno mengi. Mchungaji akarekebisha miwani, akatafsiri. "Anasema hii umetengeneza ni sakafu ya bafu. Ametumia neno lingine, lakini mimi ni mchungaji."

Kisha Duncan akatoka nje na simu, upepo ukivuma kwenye spika, akanionyesha upande wa paa uliosalimika. Nilimsikiliza mwenyewe kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Chini kabisa, juu ya ukuta, vigae ni vipana na vizito, kwa sababu maji yote ya paa hukusanyika huko na ukuta mnene unaweza kubeba. Kila mstari unaopanda ni mfupi kuliko wa chini yake, mpaka juu kabisa ambako vigae ni vidogo kama kiganja. Upana haulingani kwa makusudi, ili mshono wa mstari mmoja usiangukie mshono wa mwingine na kupitisha maji. Tundu ni moja ili fundi aweze kukizungusha kigae kwenye msumari wake na kumfikia jirani aliyevunjika. Alikuwa ameandika kila kitu. Nilichokisoma mimi kama unyonge kilikuwa ustadi wa watu walioishi na mvua hiyo tangu enzi za ule mlango uliozibwa.

Niliona giza. Kontena lilikuwa lipakiwe baada ya siku nne.

Nilirudi milimani peke yangu. Nilimwambia Laoban Fang ukweli, nimesimama, begi bado begani. Sikutaka kukaa kabla hajanitukana. Hakunitukana. Aliwasha pikipiki, akaniambia nipande, akanipeleka kijijini kwao nyuma ya kilima, kwenye nyumba ya mama yake. Tukasimama uani. Paa la nyumba ile lilikuwa la sleti: chini mapana, juu madogo, hakuna lililofanana na jingine. Mama yake alikuwa akianua mboga, akatutazama kama wendawazimu wawili wanaokodolea macho paa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza Fang.

"Nilikwambia. Ukasema bu xing."

Vile vilivyokatwa viliokolewa. Walivikata tena kichwani, matundu mawili yakaondoka na kichwa, vikawa vya mistari ya juu, vikatangulia kwenye kontena lile. Shida ilikuwa vikubwa vya chini. Mawe mapya yalibidi yachimbwe, yakiwa mabichi, yachanwe kwa mkono, na mvua ikatufungia machimbo siku baada ya siku. Nilikaa pale nikizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Wachanaji waliniomba nikae chini kwa sababu nawatia wasiwasi. Wiki tatu zilipotea.

Nilipopita mjini nilimwendea Shifu Liang bustanini, nikamweleza yote huku anachanganya karata. Nadhani nilitaka aniambie si kosa langu.

"Nilikufundisha sahani," alisema. "Mawe sikukufundisha. Hukuniuliza."

Akaendelea kugawa karata.

Sasa ile nusu mnayoijua. Kwenye faili la oda ile mmesoma kwamba mzigo ulichelewa kwa sababu ya bahari kuchafuka. Meli haikuchelewa hata saa moja. Barua hiyo niliandika mimi, kwa karatasi yenye jina la ofisi, nikampelekea Mchungaji awasomee waumini na wakuu wake. Niliogopa wakuu wa kanisa wakisikia vigae vilikosewa watayatilia shaka mawe yote na kutaka vibali viombwe upya, na hapo ndipo muda ungeisha kabisa. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Mchungaji. Sababu ya pili sikumpa: nilikuwa Mama Bu Xing, na sikutaka watu wajue.

"Unataka niwasomee hivi ilivyo?" aliniuliza Mchungaji.

"Hivyo ilivyo."

"Sawa, Dada. Mungu atusaidie." Duncan hakuwa mtu wa kanisa, na alikubali kufunga mdomo.

Mkaguzi wao alifika vigae vikubwa vikiwa bado baharini. Mistari ya juu haiwezi kuwekwa kabla ya ile ya chini, kwa hiyo vile vidogo vilivyotangulia vilikuwa bado kwenye makasha mjini kwa Duncan, hakuwa ameweka hata kimoja. Theluji ya mapema ilikuwa imeanguka wiki ile, turubai lilikuwa limechanika, na dari lilikuwa limeporomokea mimbari. Habari ya bahari wakuu waliisikiliza, wakasikitika, wakaandika uamuzi wao. Kanisa likafungwa. Waumini kumi na mmoja wakahamia ukumbi wa kijiji cha mbele. Wanunuzi walipopatikana, Duncan akaja akaezeka, kwa vigae vyetu, kwa ajili yao. Mchungaji alinitumia picha siku ya mvua: paa linang'aa, mistari inapungua kuelekea juu, na kwenye roshani ya bwana mkubwa wameanika taulo. Ni kazi nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwangu na siwezi kuitazama.

Miaka ikapita, nikaendelea na kazi. Sikuwahi tena kusema bu xing kabla ya kuuliza, na wengi wenu mlidhani ni uzee unanilainisha. Nikajiambia kwamba kosa lilikuwa la kukata mawe, na kosa la kukata mawe nililikubali na kulirekebisha. Ule uongo niliuona kama karatasi tu.

Wiki niliyostaafu Mchungaji alinipigia kunipongeza. Amemaliza utumishi, amerudi Meru, anafuga ng'ombe. Tulicheka, tukaulizana afya. Kisha akasema, "Mama, kuna kitu sikuwahi kukwambia. Ile barua yako nilipoisoma, Bi Elspeth alisimama. Akasema tuwaombee wale mabaharia. Jumapili tatu tuliwaombea, chini ya turubai, mvua inaingia, watu kumi na mmoja. Zilikuwa Jumapili zetu za mwisho pale. Na mimi ndiye niliongoza maombi."

Niliaga vibaya, nikakata simu. Tangu siku hiyo ndipo siwezi kukaa. Mlidhani ni kustaafu.

Baadaye Mchungaji alinitumia anwani. Nilimwandikia Bi Elspeth, sasa anakaribia miaka tisini, barua ya Kiingereza changu cha sokoni. Niliandika kwamba bahari ilikuwa shwari. Niliandika vigae vidogo vilikuwapo vya kutosha tangu mwanzo, kwamba ni vikubwa vya mistari ya chini tu nilivyoviharibu, na kwamba wiki zile tatu zilikwenda kuvichana upya. Niliomba radhi mara moja tu, maana ya pili ingekuwa ya kujifurahisha.

Jibu limekuja juzi kwa barua pepe ya mpwa wake, yeye akisema na mpwa akiandika. Halikuwa refu. Anasema amekuwa na hasira na bahari miaka yote hii, na anasikitika kwa kuionea. Anasema paa ni zuri, huliona kila akipita kwa basi. Kisha anasema kwamba shambani kwao kuna zizi la zamani, lililoezekwa kwa sleti za machimbo yale yale ya zamani yaliyotoa mawe ya kanisa, na mistari yake ya chini ni mipana, mizito, ya kutosha na kubaki. Duncan hakuwa mtu wa huko, asingeweza kujua. Lakini wangeambiwa kwamba ni vikubwa tu vilivyokosekana, wapwa zake wangevishusha kwa siku moja, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Nimemwandikia tena kumwuliza kama atanisamehe. Hilo hajalijibu. Mpwa wake amenitumia picha ya zizi. Vigae vyote bado viko juu, na ndani, anasema, hakujafugwa kitu tangu yeye azaliwe.